Kupima Sera za Ajira katika Mikoa ya Ulaya: Funzo Kutoka Marienthal

Mwishoni mwa mwaka 1931, kundi la watafiti kutoka Vienna lilianza kuchunguza maisha ya kijiji cha Marienthal, kilichopo kusini-mashariki mwa jiji hilo, nchini Austria. Kiwanda cha nguo kilichokuwa tegemeo la kijiji kilikuwa kimefungwa, na familia nyingi hazikuwa na hata mtu mmoja mwenye kazi. Watafiti hao, miongoni mwao Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, hawakuridhika na kuhesabu watu waliopoteza ajira. Waliandika familia zilikula nini, walisoma insha za watoto wa shule, na waliandaa huduma ya matibabu ya bure iliyowapa pia nafasi ya kuijua hali ya wanakijiji. Walipima hata mwendo wa watu, kwa kuwatazama kutoka dirishani wakipita barabarani huku saa ikihesabu.

Matokeo yaliwashangaza. Wanaume, ambao hawakuwa tena na mahali pa kuwahi, walitembea polepole na kusimama mara kwa mara bila sababu. Wanawake, waliokuwa bado na kazi za nyumbani, walitembea haraka zaidi. Idadi ya vitabu vilivyoazimwa maktabani ilipungua kwa karibu nusu kati ya mwaka 1929 na 1931, ingawa ada ya kuazima ilikuwa imeondolewa na watu walikuwa na muda mwingi wa kusoma kuliko zamani. Muda wenyewe ulikuwa umepoteza thamani.

Utafiti huo, uliochapishwa mwaka 1933, ulionyesha jambo ambalo wataalamu wa afya wanalifahamu vyema leo: kukosa kazi si kukosa mshahara tu. Hata hivyo, uliacha swali moja kubwa. Iwapo serikali itaamua kulitibu tatizo hili, itajuaje kwamba tiba yake imefanya kazi? Swali hilo linaikabili mikoa ya Ulaya hadi sasa, na njia za kulijibu zinafanana sana na zile zinazotumiwa na watabibu kupima dawa.

Ukosefu wa ajira kama suala la afya

Mwaka 2009, jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchambuzi wa David Stuckler na wenzake kuhusu vifo katika nchi 26 za Umoja wa Ulaya kati ya mwaka 1970 na 2007. Uchambuzi huo uligundua kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira kilipopanda kwa asilimia 1, vifo vya kujiua miongoni mwa watu wenye umri chini ya miaka 65 viliongezeka kwa asilimia 0.79. Uhusiano huo, hata hivyo, haukuwa na nguvu sawa kila mahali. Ulikuwa dhaifu zaidi pale ambapo serikali zilitumia fedha nyingi kwa kila raia katika kuwasaidia watu warudi kazini.

Huo ni uhusiano wa kitakwimu, nao peke yake hauthibitishi kwamba jambo moja ndilo lililosababisha jingine. Lakini unatosha kuonyesha kwamba sera ya ajira inaweza kugusa uhai wa watu, na kwamba kuipima vibaya si kosa la kiuhasibu pekee.

Sera zinazozungumziwa hapa zina sura nyingi. Zipo huduma za ushauri na kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri. Yapo mafunzo ya ufundi na stadi nyingine. Ipo ruzuku anayopewa mwajiri ili amwajiri mtu aliyekaa muda mrefu bila kazi. Ipo misaada kwa watu wenye ulemavu au matatizo ya afya, ajira zinazoundwa moja kwa moja na mamlaka ya umma, pamoja na msaada wa kuanzisha biashara. Umoja wa Ulaya umekuwa ukikusanya takwimu za matumizi na washiriki wa programu hizi kwa kuzigawa katika makundi ya aina hiyo tangu miaka ya mwisho ya 1990.

Sheria za ajira hutungwa kitaifa, ila utekelezaji wake mara nyingi uko mikononi mwa mamlaka za karibu na wananchi. Nchini Denmark, vituo vyote vya kazi vimekuwa chini ya manispaa tangu mwaka 2009, nazo manispaa ni 98. Nchini Ujerumani kuna takriban vituo 400 vinavyowahudumia watu wanaoishi kwa msaada wa kujikimu. Baadhi huendeshwa kwa ubia wa manispaa na wakala wa kitaifa wa ajira, na vingine na manispaa au wilaya peke yake. Sheria ni moja, lakini afisa mmoja huita watafuta kazi kila wiki na mwingine kila baada ya miezi kadhaa. Kituo kimoja huweka fedha zake katika mafunzo na kingine katika ruzuku. Ndiyo maana watunga sera hutamani kuilinganisha mikoa. Wanataka kujua nani anafanya vizuri, na kwa nini.

Hatari ya tarakimu tupu

Mtaalamu wa afya hahitaji maelezo marefu kuhusu kosa la kwanza katika ulinganisho huu. Mtu akihesabu vifo katika hospitali ya rufaa na katika zahanati ya kijiji, ataona kwamba hospitali ya rufaa ina vifo vingi zaidi. Akihitimisha kwamba zahanati inatibu vizuri kuliko hospitali, atakuwa amesahau jambo la msingi: wagonjwa mahututi ndio hupelekwa hospitali ya rufaa.

Katika ajira, kosa hilo hufanywa kwa urahisi zaidi. Andalucía, iliyo kusini mwa Hispania, imekuwa kwa miaka mingi na kiwango cha ukosefu wa ajira kinachozidi asilimia 15. Oberbayern, sehemu ya Bavaria yenye jiji la München, imekuwa ikibaki chini ya asilimia 4. Msomaji wa jedwali anaweza kudhani kwamba maofisa wa ajira wa München ni hodari kuliko wenzao wa Sevilla. Ukweli ni kwamba München imezungukwa na viwanda vya magari, makampuni ya bima na teknolojia, ilhali sehemu kubwa ya uchumi wa Andalucía hutegemea kilimo na utalii, ambavyo huajiri watu kwa msimu na kuwaachia msimu unapokwisha. Tarakimu hizo mbili zinaeleza hali ya mgonjwa alipofika mlangoni. Hazielezi alitibiwaje.

Nani hana kazi, na mkoa ni nini?

Kabla ya kulinganisha, vitu viwili vinapaswa kufafanuliwa: anayehesabiwa na eneo analohesabiwa.

Kwa mujibu wa fasili ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), asiye na ajira ni mtu ambaye hana kazi, yuko tayari kuianza ndani ya wiki mbili, na amefanya juhudi za kuitafuta katika wiki nne zilizopita. Aliyefanya kazi ya kipato kwa saa moja tu katika wiki ya utafiti huhesabiwa kuwa ameajiriwa. Ofisi za ajira, kwa upande wake, huwa na daftari lenye masharti tofauti. Nchini Ujerumani, mtu anayefanya kazi chini ya saa 15 kwa wiki anaweza kubaki kwenye daftari kama asiye na ajira, lakini aliyepelekwa kwenye mafunzo na ofisi hiyo huondolewa katika hesabu hiyo wakati wa mafunzo. Kwa hiyo kituo kinachowapeleka watu wengi darasani kinaweza kuonyesha kushuka kwa ukosefu wa ajira kabla hata mtu mmoja hajapata kazi. Ndiyo sababu takwimu za Ujerumani huchapisha pia hesabu pana zaidi inayowajumuisha walio katika programu hizo.

Suala la mipaka nalo lina utata wake. Ili takwimu zilingane, Umoja wa Ulaya umeyagawa maeneo yake katika ngazi tatu zinazojulikana kwa kifupi kama NUTS. Eneo la ngazi ya pili linatarajiwa kuwa na watu kati ya 800,000 na milioni 3. Hata hivyo mgawanyo huo hufuata mipaka ya kiutawala iliyokuwapo, na hivyo Andalucía, yenye watu zaidi ya milioni 8, huwekwa katika ngazi moja na visiwa vya Åland vya Finland, vyenye watu takriban 30,000. Katika eneo dogo kiasi hicho, kufungwa kwa kampuni moja hubadilisha asilimia ya mkoa mzima. Katika eneo kubwa, maafa ya mji mmoja humezwa na wastani.

Tena, watu hawaishi na kufanya kazi ndani ya mstari uliochorwa na serikali. Wafanyakazi zaidi ya 200,000 huvuka mpaka kwenda kazini Luxembourg kutoka Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Ajira ya mji wa Ufaransa ulio karibu na mpaka huo inaweza kupanda kwa sababu ya benki za Luxembourg, huku ofisi ya ajira ya mji wenyewe ikisifiwa kwa jambo ambalo haikulifanya. Kwa sababu hiyo, idara ya takwimu ya Italia huchora ramani nyingine inayofuata safari za watu kati ya nyumbani na kazini. Ramani iliyotokana na sensa ya mwaka 2011 iliigawa Italia katika zaidi ya masoko 600 ya kazi ya mahali, ambayo mipaka yake haifuati ile ya mikoa.

Kulinganisha wanaofanana

Wataalamu wa afya ya jamii wanapolinganisha vifo vya maeneo mawili, husawazisha kwanza tofauti za umri, kwa kuwa eneo lenye wazee wengi litakuwa na vifo vingi hata kama huduma zake ni bora. Ulaya imebuni njia zinazofanana na hiyo kwa ajili ya ajira.

Nchini Ujerumani, taasisi ya utafiti wa ajira, IAB, huviweka vituo vya kazi katika makundi kwa kuzingatia mazingira yake: hali ya soko la kazi, msongamano wa watu, muundo wa viwanda, wingi wa wanaohitaji msaada. Kituo cha mji wa zamani wa makaa ya mawe hulinganishwa na miji iliyopitia hali kama hiyo, na kituo cha vijijini na vya vijijini. Ulinganisho huo hufanywa kwa sheria, na viashiria vyake vikuu ni vitatu: mabadiliko ya kiasi cha msaada wa kujikimu unaolipwa, kiwango cha watu wanaoingia kazini, na mabadiliko ya idadi ya wanaopokea msaada kwa muda mrefu.

Denmark hutumia hesabu tofauti kidogo. Kwa kila manispaa, wataalamu hukadiria sehemu ya wakazi ambayo ingetarajiwa kuishi kwa msaada wa serikali kutokana na umri wao, elimu, afya na hali ya uchumi wa eneo hilo. Kisha makadirio hayo hulinganishwa na hali halisi. Manispaa maskini yenye wategemezi wengi inaweza kuonekana imefanya vizuri, kwa sababu wategemezi wake ni wachache kuliko ilivyotarajiwa. Na manispaa tajiri inaweza kugundua kwamba inajivunia bahati.

Njia hizi ni za haki kuliko jedwali la tarakimu tupu, lakini zina udhaifu wake. Kiashiria kinapotumiwa kumtuza au kumkosoa afisa, humbadilisha afisa huyo. Chanda chema huvikwa pete: akiwa na watu mia moja na bajeti ndogo, atashawishika kuwapa nafasi wale ambao wangepata kazi hata bila msaada wake, kwa kuwa hao ndio watakaoonekana mapema katika hesabu. Mwanamke mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, au mwanamume wa miaka 58 aliyepoteza kazi ya kiwandani, atasubiri. Kiwango cha walioingia kazini kitapanda, wakati huohuo wahitaji zaidi wakiachwa nyuma. Ndiyo maana kiashiria cha tatu cha Ujerumani kina umuhimu wake: kinawataja wale ambao kiashiria cha pili kinaweza kuwasahau.

Kundi la ulinganisho na foleni isiyopungua

Hata baada ya kusawazisha mazingira, swali la msingi hubaki: nini kingetokea kama sera isingekuwapo? Dawa ya mafua inaweza kusifiwa kwa kumponya mtu ambaye angepona mwenyewe baada ya siku saba. Watabibu hulikabili tatizo hilo kwa kugawa wagonjwa kwa nasibu: wengine hupata dawa, wengine hawapati, na tofauti kati yao ndiyo athari ya dawa.

Majira ya baridi ya mwaka 2005 na 2006, Denmark ilifanya jaribio la namna hiyo katika kaunti mbili, Storstrøm na Sønderjylland. Watu waliopoteza kazi waligawanywa kwa tarehe ya kuzaliwa. Waliozaliwa kati ya tarehe 1 na 15 ya mwezi wowote walipewa mafunzo ya mapema ya kutafuta kazi, mikutano ya mara kwa mara na mshauri, na baadaye programu ya lazima. Waliozaliwa baada ya tarehe 15 waliendelea na huduma ya kawaida. Kundi la kwanza lilipata kazi mapema kuliko la pili, na jaribio likaonekana limefaulu.

Lakini watafiti wengine walirudi kwenye takwimu hizo na kuuliza swali la ziada: wale waliobaki kwenye huduma ya kawaida walikuwaje wakilinganishwa na watu wa kaunti nyingine ambako jaribio halikufanyika? Jibu lilikuwa la kutafakarisha. Walichukua muda mrefu zaidi kupata kazi kuliko wenzao wa kaunti hizo nyingine. Sehemu ya ushindi wa kundi la kwanza ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa kundi la pili. Ni kama foleni ambamo mtu mmoja amesogezwa mbele: amefika dirishani mapema, ila foleni haijapungua.

Ufaransa ilifanya jaribio lililobuniwa mahususi ili kuipima hali hiyo. Bruno Crépon, Esther Duflo na wenzao waliyatumia masoko ya kazi ya mahali 235. Kwanza walipanga kwa nasibu sehemu ya vijana wenye elimu ya juu wasio na kazi ambayo ingepewa ushauri wa karibu katika kila eneo: hakuna hata mmoja, robo, nusu, robo tatu, au wote. Kisha wakagawa vijana wenyewe kwa nasibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba baada ya miezi minane waliosaidiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kazi ya kudumu kuliko wenzao wasiosaidiwa wa eneo hilohilo. Hata hivyo faida hiyo ilififia baadaye, na sehemu yake ilipatikana kwa hasara ya vijana wasiosaidiwa, hasa pale ambapo kazi zilikuwa chache.

Kwa wanaolinganisha mikoa, funzo lake ni zito. Mkoa unaotangaza kwamba umewaweka watu wengi kazini unaweza kuwa umesema kweli kuhusu kila mmoja wao, na bado idadi ya wenye kazi katika mkoa huo isiwe imeongezeka kwa kiasi hicho. Kumhesabu mshiriki peke yake hakutoshi. Lazima pia ahesabiwe jirani yake.

Muda, gharama na kinachohesabiwa kuwa faida

Muda wa kupima nao hubadilisha hukumu. Mtu aliye katika mafunzo ya mwaka mzima huwa hatafuti kazi kwa bidii. Kwa hiyo programu hiyo huonekana mbaya ikipimwa baada ya miezi sita. David Card, Jochen Kluve na Andrea Weber walipokusanya tafiti zaidi ya 200 kutoka nchi mbalimbali, katika uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, waliona kwamba wastani wa athari za programu hizi ni mdogo sana katika mwaka wa kwanza, na huongezeka miaka miwili au mitatu baada ya programu kumalizika, hasa kwa mafunzo. Ajira za muda zinazoundwa na serikali ndizo zilizokuwa na matokeo hafifu zaidi katika kuwaingiza watu kwenye soko la kawaida la kazi. Mkoa unaolazimika kutoa ripoti kila baada ya miezi michache utaelekea kuacha mafunzo marefu, si kwa kuwa hayafai, bali kwa kuwa faida yake huchelewa.

Gharama nayo ina mjadala wake. Mwaka 2016, Ufaransa ilipitisha sheria ya majaribio ya maeneo yasiyo na mtu aliyekosa kazi kwa muda mrefu, wazo lililotokana na shirika la ATD Quart Monde linalopambana na umaskini. Katika maeneo 10 ya mwanzo, yeyote aliyekosa kazi kwa mwaka mmoja au zaidi aliweza kuajiriwa kwa hiari yake, kwa mkataba usio na kikomo na kwa mshahara wa kima cha chini, katika kampuni maalumu inayofanya kazi ambazo eneo linazihitaji lakini soko halizifanyi. Hoja ya fedha ilikuwa kwamba kumwacha mtu bila kazi kunaigharimu serikali posho na kodi iliyopotea. Fedha hizo zielekezwe kwenye mshahara. Tathmini zilizofuata zilionyesha kwamba akiba halisi ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu baadhi ya walioajiriwa hawakuwa wakipokea posho kubwa tangu mwanzo. Pamoja na hayo, walioajiriwa walieleza kuimarika kwa maisha yao, na mwaka 2020 sheria ya pili ilipanua jaribio hilo hadi maeneo mengine.

Hapo ndipo linapojitokeza swali ambalo takwimu pekee haiwezi kulijibu. Kama faida ya sera ni akiba ya serikali, jaribio la Ufaransa lina alama ndogo. Kama faida ni kumrudishia mtu nafasi yake katika jamii, alama hubadilika. Kipimo huchaguliwa kabla ya kupima, na uchaguzi huo tayari ni uamuzi kuhusu nini kina thamani.

Marienthal kwa mara ya pili

Mwezi Oktoba 2020, huduma ya ajira ya Austria katika jimbo la Niederösterreich ilianzisha jaribio huko Gramatneusiedl, manispaa ndogo yenye wakazi zaidi ya 3,000 ambayo ndani yake kimo kijiji cha Marienthal. Kila mkazi aliyekosa kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja alihakikishiwa kazi yenye ujira halali, kwa hiari yake. Alianza na maandalizi ya wiki nane, kisha akasaidiwa kupata kazi yenye ruzuku katika kampuni binafsi, au akaajiriwa katika mradi wa kijamii wenye shughuli kama bustani, ukarabati na useremala.

Maximilian Kasy na Lukas Lehner wa Chuo Kikuu cha Oxford waliitathmini programu hiyo kwa kutumia karibu kila funzo lililotajwa. Kwanza, washiriki 62 waliwekwa wawiliwawili kwa kufanana kwao. Kwa nasibu, mmoja wa kila jozi alianza Oktoba 2020 na mwenzake akaanza miezi minne baadaye. Hakuna aliyenyimwa kazi, na bado kwa miezi minne palikuwa na kundi la ulinganisho. Pili, kwa kuwa mtu anayejua kwamba kazi inamsubiri anaweza kuchangamka hata kabla hajaianza, walilinganishwa pia na watu wanaofanana nao katika miji mingine. Tatu, ili kujua kama manispaa nzima ilinufaika, watafiti waliunda kwa hesabu "Gramatneusiedl" nyingine: mchanganyiko wa manispaa za jimbo hilohilo ambazo kwa pamoja zilikuwa na historia ya ajira inayolingana na ya mji huo. Mji huo wa kubuni uliwaonyesha kile ambacho kingetokea bila jaribio.

Ukosefu wa ajira wa muda mrefu ulipungua sana katika manispaa, na ukosefu wa ajira kwa jumla ulipungua pia, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Hivyo basi, faida haikuwa ya kusogeza watu kwenye foleni tu. Kipato cha washiriki na uhakika wa maisha yao viliongezeka.

Watafiti hawakuishia hapo. Marie Jahoda, katika maandiko yake ya baadaye, alieleza kwamba zaidi ya mshahara, kazi humpa mtu mambo matano: mpangilio wa siku, mahusiano nje ya familia, lengo la pamoja, hadhi, na shughuli ya kufanya kila siku. Tathmini mpya iliyapima mambo ya aina hiyo, na kuona maendeleo makubwa katika mpangilio wa muda, mahusiano na watu, hadhi na hisia ya kuwa na lengo. Kile kilichotazamwa kutoka dirishani mwaka 1931 sasa kilikuwa na safu yake katika jedwali.

Kwa wanataaluma wa afya, tokeo moja linastahili uangalifu wa pekee: watafiti hawakuona mabadiliko katika afya ya mwili. Hilo lilitangazwa wazi pamoja na mafanikio. Afya iliyoharibika kwa miaka mingi haitarajiwi kurudi ndani ya miezi michache, na kundi dogo halitoshi kuonyesha mabadiliko madogo. Lakini tathmini isiyoficha kile ambacho haikukipata ndiyo inayostahili kuaminiwa katika kile ilichokipata.

Hitimisho

Jaribio la mji mmoja haliwezi kuwa dawa ya bara zima. Kilichofaa katika manispaa ndogo iliyo karibu na Vienna kinaweza kushindwa katika mji mkubwa wa Andalucía, kama vile dozi iliyopimwa kwa watu wazima isivyotolewa kwa mtoto bila kupimwa upya. Lakini njia iliyotumika inaweza kusafiri. Kila inapotangazwa kwamba mkoa fulani umeushinda mwingine katika ajira, yapo maswali yanayopaswa kuulizwa kwanza. Nani amehesabiwa, na nani ameondolewa kwenye daftari? Mipaka ya eneo inafuata maisha ya watu au ramani ya utawala? Mikoa hiyo ilifanana tangu mwanzo? Nini kingetokea bila sera hiyo? Nani aliyerudishwa nyuma ili mwingine asogee mbele? Matokeo yalipimwa lini, na faida iliyohesabiwa ni ya nani?

Maswali haya si ya wanatakwimu pekee. Majibu yake ndiyo huamua programu ipi ipewe fedha na ipi ifungwe. Programu inayofaa ikifungwa kwa sababu ililinganishwa na mkoa wenye bahati, watakaoumia ni wale ambao kazi haikuwafikia kwa njia nyingine yoyote: waliougua, waliozeeka kiwandani, na wale ambao siku zao zimekosa asubuhi ya kuamkia.